Gazeti Gani la Mtandaoni Linastahili Pesa Yako? Mwongozo wa Kuamua Kabla ya Kulipa

Unasoma aya mbili, ya tatu inafifia, kisha kisanduku kinatokea: lipa uendelee. Wengi wetu hapo huuliza ni shilingi ngapi. Bei itafika zamu yake. Jiulize kwanza kama kilichofichwa nyuma ya kile kisanduku ni tukio au ni kazi ya mtu.

Tukio litakufikia tu. Waziri amefutwa, mafuta yamepanda, timu imefungwa mbili bila: ndani ya saa moja utalipata redioni, kwenye kundi la familia na kwa bodaboda wako. Kazi ya mtu ni kitu kingine. Mwandishi aliyekaa na nyaraka za zabuni hadi akaona jina lisilostahili kuwemo, au aliyezunguka masoko akilinganisha bei ya gunia, hana mbadala. Asipoandika yeye, hukijui hicho kitu. Mwongozo huu wote unazunguka hapo: usilipie tukio, lipia kazi, na hata hiyo kazi uilipie pale tu inapokugusa.

Hatua ya kwanza: andika unachosoma kwa wiki mbili

Kumbukumbu yetu hutudanganya. Mtu atakuambia anasoma uchumi na siasa za kimataifa, kumbe simu yake imejaa Simba, Yanga na harusi za wasanii. Si dhambi, ila huwezi kuamua cha kulipia ukiwa hujui unachosoma kweli. Fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, na kila ukikwama kwenye ukuta wa malipo (kile kisanduku), au ukisoma makala hadi mwisho, andika mstari mmoja: gazeti, mada, nini kilitokea.

Tuseme ni mfanyabiashara wa nafaka anayenunua mahindi Manyara, Tanzania, na kuyavusha mpaka wa Namanga kuingia Kenya. Ukurasa wake wa siku moja unaweza kuwa hivi:

Nation, mvutano wa wabunge, nilikwama, jioni nikaisikia redioni.
Business Daily, bei ya gunia Eldoret na maghala ya NCPB (bodi ya nafaka ya Kenya), nilikwama, sikuipata kwingine.
Mwananchi, Simba na Yanga, nilisoma yote, burudani.
New York Times, siasa za Marekani, nilikwama, BBC walikuwa nayo.

Mistari minne, na ni mmoja tu unaostahili kufikiriwa. Ule wa pili. Ameusaka kwingine akaukosa, na jibu lake lingebadilisha uamuzi: anunue leo au angoje.

Mfano wa kweli wa tofauti ninayoisema ni Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Habari hiyo ilikuwa bure kila mahali kabla malori hayajamaliza kujipanga mpakani, na aliyelipia gazeti ili aijue alitupa pesa. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sasa hapo ndipo kulikuwa na maswali ya pesa. Cheti kinatolewa na nani, kinachukua siku ngapi, maabara ipi inakubalika, na nani tayari amepita? Makala moja iliyojibu hayo ingemlipia mfanyabiashara wetu usajili wa mwaka mzima kwa lori moja.

Baada ya wiki mbili, weka alama kwenye mistari yenye sifa zote mbili: ulikosa kwingine, na ingebadilisha jambo unalofanya au ungejuta kutoisoma. Jina la gazeti linalojirudia humo ndilo lako. Pengine hakuna hata moja, na hilo nalo ni jibu. Ripoti ya 2024 ya Reuters Institute, taasisi ya utafiti wa uandishi wa habari, ilionyesha kwamba katika nchi 20 tajiri ilizozilinganisha, wanaolipia habari mtandaoni ni asilimia 17 hivi tu, na Norway inayoongoza ni asilimia 40. Kutolipia chochote si ushamba.

Hatua ya pili: ujue ukuta wenyewe

Si kila ukuta unadai pesa. Baadhi hutaka barua pepe tu: unajisajili, unasoma. Wengine huhesabu, kwamba makala kadhaa kwa mwezi ni bure kisha mlango unafungwa. New York Times ilianza na 20 mwaka 2011, ikashuka hadi 10 mwaka uliofuata na 5 mwishoni mwa 2017. Ukiona idadi inapungua namna hiyo, jua gazeti limegundua kwamba wasomaji wake hawaondoki. Aina ya tatu, ambayo ndiyo imeshika kwetu tangu Nation ilipoanza kutoza mwaka 2021, huacha habari za kawaida wazi na kufungia makala teule. Kwa aina hii usihukumu gazeti kwa kurasa zake za bure, kwa sababu ulichokisoma sicho unachouziwa. Angalia orodha ya zile zilizofungwa kwa wiki moja. Vichwa vyake peke yake vitakuambia kama umefungiwa uchunguzi au umefungiwa umbea.

Hatua ya tatu: malizia kwanza vya bure

Hatua hii huokoa pesa kuliko zote, na watu huiruka kwa uvivu.

Anza na jina lililo chini ya kichwa cha habari. Ukikuta Reuters, AFP au AP, hiyo ni habari ya shirika, imeuzwa kwa mamia ya vyumba vya habari duniani. Gazeti la Nairobi au la Dar es Salaam linaweza kuwa limeifungia, lakini ileile iko wazi kwingine. Tovuti ya AP yenyewe husomwa bila kulipa. Usiinunue rejareja.

Kisha nenda kwenye chanzo. Habari nyingi zinazofungwa ni muhtasari wa waraka ulio wazi kwa umma. Hukumu za mahakama za Kenya ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, za Tanzania ziko kwenye TanzLII, zote bure na kamili. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya linapatikana mtandaoni, miswada iko kwenye tovuti ya Bunge, na viwango vya kubadilisha fedha viko kwenye tovuti za benki kuu. Muswada wa Fedha wa 2024 uliotikisa Kenya ulisomwa na vijana kwenye simu zao, kifungu kwa kifungu, pamoja na ile VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Hawakungoja mchambuzi. Ni kweli si kila mtu ana muda au Kiingereza cha kisheria cha kuhimili kurasa mia, na hapo ndipo mchambuzi mzuri anapostahili malipo yake. Lakini ujue unamlipa akusomee, hakuuzii siri.

Kwa Kiswahili, BBC, DW na RFI hawatozi. Tovuti ya The Guardian la Uingereza haina ukuta, huomba mchango tu. Na kama hujawahi kusoma The Continent, gazeti la Afrika la kila wiki lililoanza Aprili 2020 na linalotumwa bure kama PDF kwa WhatsApp na barua pepe, jiandikishe leo kabla hujalipia chochote cha kigeni kuhusu Afrika. Kenya kuna pia The Elephant na Africa Uncensored kwa makala ndefu na uchunguzi, bure.

Tahadhari moja kuhusu vya bure: vina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuamka vibaya. Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapeleka likizo ya lazima karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, na matangazo yaliyosikilizwa kwa vizazi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, yakakatika. Kwa hiyo kama kuna chombo cha bure unachokitegemea sana na kinapokea michango, nusu ya bajeti yako ya habari ingefaa iende huko. Hilo ni oni langu.

Hatua ya nne: pima kazi, usipime jina

Jina kubwa halikusaidii kama ofisi yake ya Afrika Mashariki ni mtu mmoja anayehudumia nchi kumi na mbili. Umepata gazeti linalojirudia kwenye orodha yako. Sasa lifanyie mtihani.

Chukua makala tatu zake za hivi karibuni kuhusu mada yako, hata kama utaona mwanzo tu. Nakili sentensi moja kutoka aya ya pili, iweke kwenye alama za nukuu, itafute Google. Ikitokea neno kwa neno kwenye tovuti nyingine sita, hiyo ni taarifa ya ofisi ya mawasiliano iliyobandikwa, si kazi ya mwandishi. Mbili kati ya tatu zikiwa hivyo, funga mjadala.

Zikipita, tazama kama mwandishi hurudi. Gazeti linaloripoti kwamba mradi wa maji umekwama, kisha miezi mitatu baadaye likaenda kuona kama maji yametoka, ni adimu. Tafuta jina la mwandishi uone ameandika nini mwaka mzima kuhusu jambo hilohilo. Angalia pia kama hutaja nyaraka, hutoa nambari zinazoweza kukaguliwa, na humpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu. Na likikosea, je, husahihisha waziwazi au makala huyeyuka tu usiku? Mimi gazeti lenye marekebisho yanayoonekana hulipatia maksi zaidi kuliko lisilo na makosa, maana hilo la pili halipo.

Mwisho wa mtihani, taja mwandishi mmoja au wawili ambao ndio unawafuata. Ukishindwa kutaja hata mmoja, unanunua chapa. Ukitaja, fuatilia: wakihama, na wewe una sababu ya kuhama.

Hatua ya tano: hesabu bei ya kweli

Bei inayong'aa kwenye kisanduku ni ya kukukaribisha. New York Times kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiwavuta wageni kwa dola 1 kwa wiki, kisha ofa ikiisha bei kamili ikawa dola 25 kila wiki nne. Soma tena: kila wiki nne, si kila mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo unakatwa mara 13. Aliyezidisha kwa 12 akapata dola 300 atashangaa kukuta 325.

Tuendelee na hesabu hiyo kwa shilingi 130 za Kenya kwa dola. Kipindi cha ofa, kama ni mwaka mzima, kitakugharimu 6,760. Mwaka unaofuata, usipokuwa macho, 42,250. Ongeza VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16, na Tanzania Bara nayo huitoza, hata kwa huduma za kidijitali zinazotoka nje. Wapo wanaoiweka ndani ya bei, wapo wanaoitokeza ukurasa wa mwisho. Benki nayo ina chake kwenye kubadilisha fedha. Andika jumla ya mwaka wa pili, si wa kwanza, na uamue kwa hiyo.

Kwa magazeti ya hapa hesabu ni nyepesi. Gawanya bei ya usajili wa mwezi kwa bei ya gazeti la karatasi pale kioskini. Jibu ni idadi ya magazeti. Kama kwa mwezi hukuwa unanunua idadi hiyo, usijifunge: yapo yanayouza nakala ya siku moja au usajili wa wiki kwa pesa za simu. Nunua siku yenye kitu. Wapenzi wa michezo hasa, ambao Jumatatu ndiyo siku yao, hawana sababu ya kulipia Jumatano.

Na kuhusu ofa ya mwaka mzima kwa punguzo: mwaka wa kwanza kataa, lipa kwa mwezi. Sababu ya kawaida ni kwamba hujajua kama utasoma. Sababu ya kwetu ni nyingine. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa Mwananchi na The Citizen. Kosa halikuwa la msomaji, lakini mwezi ulikuwa wake. Ukilipa kwa mwezi, unachoweza kupoteza ni kidogo.

Hatua ya sita: tafuta mlango wa pembeni ulio halali

Mwanafunzi asilipe bei kamili popote kabla ya kuuliza. The Economist na wengine wana bei ya wanafunzi, na maktaba za vyuo vikuu mara nyingi zimeshalipia hifadhidata zenye magazeti ndani yake ambazo hakuna anayezifungua. Ingia kwenye tovuti ya maktaba ya chuo ukitumia akaunti yako, au muulize mkutubi moja kwa moja. Financial Times hutoa usomaji wa bure kwa wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 16 hadi 19 na walimu wao, mradi shule ijisajili. Mwalimu wa uchumi anayesoma hapa anaweza kulimaliza hilo kwa barua pepe moja.

Ndugu walioko Toronto, Minneapolis au London wana bahati zaidi. Maktaba nyingi za umma huko hutoa PressReader, yenye maelfu ya magazeti ya dunia, kwa kadi ya maktaba tu. Tafuta humo jina la gazeti lako la nyumbani kabla ya kutoa kadi ya benki. Na mwajiriwa aulize ofisini: kampuni za sheria, benki na mashirika huwa na usajili wa pamoja ambao umebaki kwa bosi na katibu wake.

Zile PDF za magazeti zinazorushwa asubuhi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram sitazihesabu hapa. Kila mtu anazijua. Kama ni gazeti ulilolikuta limefaulu mtihani wa hatua ya nne, unajua kinachofuata likikosa mauzo: wa kwanza kuondolewa ni yuleyule mwandishi wa nyaraka, kwa sababu ndiye wa gharama. Wa kubandika taarifa za maofisa atabaki.

Hatua ya saba: weka mlango wa kutokea kabla ya kuingia

Kabla ya kulipa, nenda kwenye ukurasa wa maswali wa gazeti utafute namna ya kughairi. Ukikuta ni kubonyeza mara mbili ndani ya akaunti, sawa. Ukikuta ni lazima upige simu ng'ambo saa za kazi za kwao, hiyo ni gharama nyingine, iandike kwenye hesabu.

Njia ya kulipa ina uzito wake. Ukilipia hapa kwa M-Pesa au Airtel Money kwa kipindi kimoja, kikiisha kimeisha. Hakuna anayekukata usiku. Kwa magazeti ya nje, kadi pepe inayotolewa na huduma za pesa za simu, kama GlobalPay ya M-Pesa Kenya, ni salama kuliko kadi ya akaunti ya mshahara. Kama unalipa ndani ya programu ya simu, kumbuka anayekukata ni Google au Apple, si gazeti. Kufuta programu hakughairi kitu! Kwenye Android ingia Play Store, bonyeza picha yako, nenda Malipo na usajili. Kwenye iPhone ingia mipangilio, gusa jina lako, ndipo utaona usajili wote. Fanya hivyo hata leo. Kuna uwezekano ukakuta kitu ulichokisahau.

Siku unayolipa, weka ukumbusho kwenye kalenda ya simu wiki moja kabla ya ofa kuisha, na uandike ndani yake bei mpya itakuwa ngapi. Ukumbusho usio na bei tutaupuuza, tunajijua.

Siku ya ukumbusho

Fungua historia ya usomaji kwenye akaunti, au rudi kwenye daftari lako la simu. Unatafuta makala zilizokufanya ufanye jambo: umebadilisha bei, umehamisha mtoto shule, umekwenda kwenye kikao cha kata, umemtumia kaka yako ukamwambia asiuze kiwanja. Ukikuta kadhaa, endelea bila kujiuliza sana. Ukikuta ulifungua gazeti kusoma vichwa tu, ghairi siku hiyohiyo, kwa sababu kesho hutakumbuka.

Ukibonyeza kughairi, magazeti makubwa mara nyingi hukuletea ofa papo hapo: baki kwa nusu bei, au kwa bei ileile ya ugeni. Hawakupendi ghafla, ni rahisi kwao kukubakiza kuliko kutafuta mwingine. Kama gazeti ulikuwa unalisoma na tatizo lilikuwa bei, ichukue, uandike tarehe mpya kwenye kalenda. Kama ulikuwa hulisomi, hata robo bei ni ghali. Maliza kughairi, ngoja barua pepe ya uthibitisho, ipige picha ya skrini uihifadhi, kisha mwezi unaofuata angalia kwenye taarifa ya benki au ujumbe wa simu kama kweli wameacha kukata.